Kutu Haiulizi Gredi: Chuma na Maji ya Rufiji

Kabla chuma hakijaanza kupangwa kwa namba, delta ya Rufiji ilikuwa na gredi zake, nazo zilikuwa za miti. Mikoko iliyokatwa kwenye vijito vya delta ilitengwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kila kundi lilikuwa na bei yake na kazi yake, na kwa karne nyingi majahazi yaliipeleka miti hiyo Zanzibar, Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, kwenye miji iliyojengwa kwa mawe lakini haina misitu. Katika nyumba za mawe za pwani yetu, upana wa chumba ulifuata urefu ambao boriti ingeweza kubeba dari ya mawe na chokaa, takriban mita 2.5 hadi 3. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Fundi aliyechagua boriti hakutazama nguvu peke yake. Alitaka kujua kama mti utavunjika, kama utapinda na kubonyeza dari hata usipovunjika, na kama mchwa watauacha. Mkandaa na msinzi ilipendwa kwa sababu ilijibu maswali yote matatu kwa pamoja.

Maswali hayo matatu ndiyo ya kuulizwa mbele ya chuma cha pua pia, lakini gredi hujibu moja tu. Katika mpangilio wa Ulaya unaotumika sehemu nyingi duniani, chuma cha ujenzi kiitwacho S235 huanza kurefuka bila kurudi mkazo ukifikia newtoni 235 kwa kila milimita ya mraba. S355 hustahimili hadi 355. Wamarekani wana A36, ambacho kikomo chake ni karibu 250. Namba inapopanda, nguvu imepanda. Ukakamavu, yaani ukaidi wa chuma dhidi ya kupinda kikiwa bado ndani ya kikomo chake, haupandi hata kidogo: ni takriban gigapaskali 210 kwa S235, kwa S355, na kwa chuma chochote cha ujenzi. Uzito nao ni uleule, kilo 7,850 kwa mita ya ujazo. Na uhai wake mbele ya maji ya chumvi haubadiliki kwa kiasi cha kutegemewa. Hoja yangu ni kwamba historia ya chuma katika ukanda wa chini wa Rufiji, kuanzia Kibiti na Ikwiriri hadi midomo ya delta, iliamuliwa na sifa hizi ambazo gredi haiziongezi. Anayejenga huko akitegemea namba kubwa amenunua jibu la swali ambalo mto haukumuuliza.

Ushahidi wa kwanza ni wa kale. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa na Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake umeonyesha kwamba jamii za wakulima wafua chuma zilikuwa zimeshakaa kati ya Kisarawe na Rufiji kiasi cha miaka 2,000 iliyopita. Limbo, kusini-magharibi mwa Dar es Salaam, palikuwa mahali pa kuyeyushia chuma. Mkukutu, karibu na Kibiti, mwaka 1999 Chami alitangaza kupatikana kwa shanga za Kirumi. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, Periplus, unasema kwamba mikuki iliyofuliwa Muza, katika Yemen ya leo, pamoja na mashoka, visu na sindano za kutobolea, ililetwa kuuzwa pwani hii hadi soko la Rhapta. Chami ni miongoni mwa wanaolitafuta soko hilo upande wa Rufiji. Wengine hawakubaliani naye, na mjadala haujafungwa. Lakini kwa mtafutaji wa chuma, jambo la kuzingatia ni kile kilichobaki ardhini. Kwenye maeneo ya kale ya pwani kinachopatikana kwa wingi ni mavi ya chuma na vipande vya mirija ya mifuo, maana hivyo ni kama kioo na udongo uliochomwa. Zana zenyewe, zile zilizofanya tanuri lijengwe, kwa kawaida zimekwisha au zimebaki vibonge vya kutu visivyotambulika. Taka zimedumu kuliko bidhaa.

Mfua chuma wa wakati ule hakuwa mjinga wa gredi. Tanuri lake halikufika nyuzi 1,538 za Selsiasi zinazohitajika kuyeyusha chuma safi. Alipata bonge lenye vinyweleo, lililochanganyika na taka, na kaboni yake haikuwa sawa kila mahali. Palipokuwa na kaboni kidogo chuma kilikuwa laini na chenye kukubali nyundo; palipokuwa na karibu asilimia moja kilikuwa kigumu na chenye makali, lakini chepesi kuvunjika. Aliyatofautisha kwa rangi ya moto, kwa mlio wa nyundo na kwa jinsi bonge lilivyotanuka. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba wayeyushaji wa Buhaya walikuwa na uwezo wa kutoa chuma chenye kaboni ya kutosha kuitwa cha pua ndani ya tanuri lenyewe. Namna walivyoieleza kazi hiyo imepingwa na baadhi ya wataalamu, ila matokeo yenyewe yanatosha kufuta dhana kwamba ubora wa chuma uliletwa hapa na meli. Ujuzi wa kuongeza ugumu ulikuwepo. Ujuzi wa kukiweka chuma karibu na bahari bila kuliwa haukuwepo popote duniani, na ulichelewa sana kuja.

Meli iliyokuja kulithibitisha hilo ni manowari Königsberg. Ujenzi wake ulianza mwaka 1905 kwenye karakana ya serikali ya Ujerumani mjini Kiel, ikaanza kazi mwaka 1907, urefu wake mita 115. Ndani ya chombo hicho kimoja zilikutana gredi zote za zama zake. Mbavu na mabamba ya nje yalikuwa ya chuma laini chenye kaboni kidogo, ambacho huvumilia kupindwa na kutobolewa matundu ya kuungia. Sitaha ya kinga ilikuwa ya deraya yenye unene uliofika milimita 80 mahali pengine. Mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ilitokana na ujuzi wa Krupp, kampuni iliyokuwa imetumia miaka mingi kuchanganya nikeli na kromi ili chuma kiwe na nguvu bila kuwa chepesi kupasuka. Kama nguvu ya metali ingekuwa ndiyo hatima, chombo hiki kilikuwa na bora ya kila aina.

Tarehe 20 Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, meli hiyo iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar. Mitambo yake ikapata hitilafu, nahodha Max Looff akarudi nayo kujificha Rufiji. Vipande vilivyovunjika viliburutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kwa nguvu za watu, vikatengenezwa, vikarudishwa. Kufikia mwisho wa Oktoba manowari za Kiingereza zilikuwa zimeigundua upande wa Salale, kisha zikaziba midomo ya mto. Zilikuwa na mizinga mikubwa kuliko ya Königsberg, lakini zilizama sana majini, hazikuweza kuingia kwenye vijito vya mikoko. Miezi minane ikapita. Zilizomaliza kazi ni Severn na Mersey, vyombo vilivyojengwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazil, vyenye kina kifupi, vikiongozwa na ndege iliyoangalia risasi zinaangukia wapi. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915 na kurudi nyuma. Zilirejea tarehe 11 Julai, na siku hiyo Looff akaamuru meli yake ilipuliwe.

Katika vita hiyo nzima, sifa ya chuma iliyopima uwezo wa kila upande ilikuwa uzito. Meli iliweza kujificha kwa sababu adui alikuwa mzito mno kwa kina cha vijito; ilishindwa alipopatikana adui mwepesi. Deraya haikuleta tofauti yoyote ya kutajwa, kwa sababu chombo kisichoweza kusogea hupigwa mpaka kiishe. Hilo lanipa sehemu ya hoja yangu, na pia lanipa pingamizi ambalo nitalirudia, maana wepesi ndiyo faida halisi ya gredi kubwa.

Baada ya Julai 1915 ikaanza sehemu ya historia ambayo vitabu vya vita huipitia haraka, nami naiona kuwa na mafunzo zaidi. Chuma cha Königsberg kiligawanyika mara mbili. Mizinga yote kumi ilitolewa, ikarekebishwa Dar es Salaam, ikaburutwa na jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck kila pembe ya koloni. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Zaidi ya miaka mia baadaye bado ni mizinga. Kiwiliwili kilibaki kwenye matope. Kuanzia mwaka 1924 wapiga mbizi walifuata shaba na metali nyingine za bei. Kufikia miaka ya 1940 gamba la meli lilikuwa limelalia ubavu wa kulia. Mwaka 1966 lilibomoka na kuzama ndani ya tope la mto.

Kemia ya mahali hapo inaeleza mengi. Kutu huhitaji maji na oksijeni. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi na kloridi huvunja utando wowote unaojaribu kujijenga juu ya chuma. Kati ya maji kujaa na kupwa, chuma huloa na kukauka mara mbili kwa siku, na mkanda unaorushiwa maji, juu kidogo ya pale yanapojaa, ndio uliwao haraka kuliko yote, kwa kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka au zaidi kisipolindwa. Chini ya tope oksijeni ni haba, na mtu angetarajia chuma kipumzike. Lakini tope jeusi la mikoko, lenye harufu ya yai viza, limejaa bakteria wanaoishi kwa kuvunja salfeti, na kazi yao hutafuna chuma pasipo hewa. Hakuna sehemu ya delta ambamo chuma tupu kiko salama.

Msomaji makini atasema hapo nimechagua ushahidi wa upande mmoja: meli iliyopigwa mabomu, ikalipuliwa na wenyewe, kisha ikachunwa na wauza vyuma chakavu kwa miaka arobaini haiwezi kuwa kipimo cha kutu. Ni kweli, na ingekuwa peke yake nisingeitumia. Lakini upo ushahidi wa kulinganisha nayo, ndani ya nchi hiihii. Mwaka 1913 karakana ya Meyer mjini Papenburg iliunda Graf von Götzen, ikaifungua vipande vipande na kuvipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000, na ikaungwa upya Kigoma. Iliingia Ziwa Tanganyika Februari 1915, na baadaye ikafungiwa mmoja wa mizinga ileile ya Königsberg. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa makusudi, mitambo ikiwa imepakwa grisi nzito. Ilikaa chini ya ziwa kwa miaka kadhaa, ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilibeba abiria na mizigo hadi karne hii.

Chuma cha meli hizi mbili ni cha ukoo mmoja: Wajerumani, muongo wenye kukaribiana, chuma laini cha kuunganishwa kwa kugongelea. Baada ya vita ile Ujerumani ilianza kukipa chuma cha namna hiyo jina la St 37, kwa kuwa kilikatika kwa mvuto wa kilo 37 kwa milimita ya mraba, na mrithi wake ndiye S235 wa leo. Tofauti kati ya Liemba na Königsberg haimo kwenye jina hilo. Imo kwenye maji matamu, kwenye grisi, na kwenye watu waliorudi kuikwangua, kuipaka rangi na kubadilisha mabamba yaliyochoka kwa miongo kadhaa. Nadhani Liemba ni somo kubwa la uhandisi kuliko inavyosifiwa, kwa sababu ilifanywa kwa chuma ambacho leo kinahesabiwa cha chini.

Sasa nirudi kwenye pingamizi la wepesi, kwa sababu lina nguvu. Ardhi ya delta ni tope la kina kirefu. Kila tani inayopunguzwa juu inapunguza nguzo za kuzamisha chini, na S355 hubeba mzigo uleule kwa theluthi mbili tu ya chuma ambacho S235 ingehitaji. Huo ni uokoaji wa kweli wa fedha na usafirishaji, na kwenye mapaa marefu ya maghala ya Ikwiriri au Kibiti, mbali na chumvi, nisingebishana nao. Lakini hesabu inageuka ukiteremka hadi kwenye maji. Bamba la milimita 10 la S235 lina nguvu sawa na bamba la milimita 6.6 la S355. Kutu ikila milimita 2, la kwanza limepoteza asilimia 20, la pili asilimia 30. Kutu hula kwa milimita. Haijui asilimia wala haiulizi gredi. Kile kilichookolewa kiwandani kinatolewa kwenye akiba ya uzee. Na bado kuna kupinda: chuma chembamba chenye ukakamavu uleule kitatikisika na kulegea zaidi chini ya lori, hata kama hakijakaribia kuvunjika. Chumba cha kale cha pwani kilikuwa chembamba kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa boriti hubonyea kabla haijakatika.

Vivyo hivyo kwa herufi zinazofuata namba. S355JR imethibitishwa kuhimili pigo la ghafla la jouli 27 kwenye nyuzi 20. S355J2 imethibitishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Upimaji huu ulipata uzito mkubwa baada ya meli za mizigo za Marekani za Vita vya Pili vya Dunia kupasuka ghafla kwenye bahari baridi. Kwa mabamba manene na viungo vya kuchomelea vinavyotikiswa na mizigo, herufi ya juu ina sababu zake hata huku kwetu. Kwa mhimili wa kawaida karibu na Kibiti, ambako baridi ya namna hiyo hakuna aijuaye, fedha ya J2 ingefaa zaidi kwenye zinki na rangi.

Wengine watajibu kwamba dawa ni kuacha chuma na kutumia zege. Daraja la Mkapa la Ndundu, lenye urefu wa mita 970, lililozinduliwa Agosti 2003 na kumaliza enzi ya vivuko vilivyowaacha watu wa Lindi na Mtwara ng'ambo kila masika, ni la zege. Ni uamuzi wenye busara, tena liko juu kwenye maji matamu. Lakini zege halijatuepusha na chuma, limekificha. Nondo ndiyo inayobeba mvuto wote ambao zege haliwezi, na katika madaraja ya zege yaliyokazwa kwa nyaya, waya wa kisasa hufikia newtoni 1,860 kwa milimita ya mraba, mara tano ya S355, huku ukakamavu wake ukiwa karibu uleule wa chuma chochote. Kloridi ikipenya, kutu ya nondo huvimba mara kadhaa ya ujazo wa chuma kilicholiwa na kulipasua zege kutoka ndani. Kwa gati au daraja dogo la ndani ya delta, unene wa zege linalofunika nondo, na uaminifu wa kulishindilia lisiwe na matundu, una thamani kuliko kuhama gredi moja ya nondo kwenda nyingine. Chuma chenye shaba na kromi kinachojijengea ganda la kutu lenye kukilinda, ambacho husifiwa sana kwingineko, hapa hakisaidii, kwa kuwa hewa yenye chumvi hairuhusu ganda hilo kutulia.

Mfano unaoonyesha kwamba jambo hili linawezekana umelala chini ya ardhi ya Rufiji na Kibiti, na wengi hupita juu yake bila kuujua. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004 kwa bomba linalotoka baharini Somanga na kukata ukanda huu kuelekea kaskazini. Mwaka 2015 likafuata bomba la Mtwara lenye kipenyo cha inchi 36. Mabomba ya namna hii yana gredi zake, zinazoandikwa kwa X na namba: X65, kwa mfano, ina kikomo cha karibu newtoni 450. Hapa ndipo gredi kubwa inapostahili bei yake kikamilifu. Gesi husukuma ukuta wa bomba kwenda nje, unene unaohitajika unapungua moja kwa moja kadiri nguvu inavyopanda, na kupinda si tatizo kwa kitu kilichozikwa.

Walakini wahandisi wa mabomba, waliopewa chuma chenye nguvu kuliko wajenzi wa maghala na magati, ndio wanaokiamini kidogo zaidi. Bomba la gesi hufunikwa kwa tabaka za plastiki kabla ya kuzikwa, kisha huunganishwa na umeme mdogo wa kulinda, ili chuma kilichozikwa kisipate nafasi ya kutoa elektroni zake kwa udongo. Asili ya mbinu hiyo ni Humphry Davy, aliyeonyesha mwaka 1824 kwamba vipande vya zinki au chuma vingeweza kukinga mabamba ya shaba ya meli za kivita dhidi ya bahari. Mafundi hupima kinga hiyo kwa kuweka voltimita kati ya bomba na elektrodi ya shaba iliyo ndani ya mmumunyo wa salfeti ya shaba, ikigusishwa ardhini, na kipimo kinachokubalika kwa kawaida ni milivolti 850 upande wa hasi au zaidi. Gredi haimo kabisa katika kipimo hicho: bomba la X52 na bomba la X70 yanadaiwa milivolti 850 zilezile, na siku umeme huo ukikatika, udongo wenye chumvi huanza kula yote mawili kwa kasi moja.